Pistoni ya Nne

Mwezi uliopita kijana mmoja katika karakana yangu aliosha pistoni nne kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia kavu, na ile harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na masizi ya injini ikanifuata mpaka ofisini. Nilikuwa naongea na mteja kwenye simu. Nikasahau nilichokuwa nasema. Nilitoka nje nikasimama mbele ya zile pistoni, na kijana akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo, akidhani ameziosha vibaya. Alikuwa ameziosha vizuri sana. Nikamwambia akanywe chai.

Nijitambulishe kwanza, maana sioni sababu ya kujifichaficha. Mimi ni binti wa Kasulu. Nina stashahada ya ufundi mitambo, nimeitolea jasho mwenyewe, na imening'inia ukutani pangu mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Nimefanya kazi Mwanza, nimefanya kazi Dar es Salaam, nimewaongoza wanaume walionizidi umri, kisha nikarudi nyumbani na mashine ya kuchonga silinda. Zamani mtu wa Kasulu au Kibondo mwenye injini iliyochoka alipeleka bloku Kigoma mjini na kusubiri majaliwa. Siku hizi wapo wanaotoka Kigoma kuja kwangu. Sijawahi kurudishiwa injini hata moja, na anayebisha aje aulize. Vijana wangu wananilalamikia kwa jambo moja tu: kwamba wakimaliza kupima pistoni, mimi huchukua maikromita na kuzipima upya zote, mwanzo mpaka mwisho, hata kama aliyepima ni fundi wa miaka kumi. Wanasema ni ukali wa chuoni. Nawaacha waseme hivyo.

Ninyi mliokulia ukanda ule wakati mmoja na mimi mtakumbuka jinsi magari yalivyokuwa machache. Tuliyajua kwa mlio. Tukiwa shambani tunapalilia maharage tuliweza kusema hilo ni lori la fulani, linapanda, limepakia muhogo. Baba yangu alikuwa na gereji nyuma ya soko: paa la bati juu ya nguzo za mkaratusi, mabanzi pande tatu, na chumba kimoja cha matofali chenye kufuli ambamo vifaa vya maana vililala. Ufundi alijifunza kwa kuanza utingo wa lori, na alikuwa mzuri. Alipotaka kujua kama pistoni inakaa sawa ndani ya silinda yake, aliishusha humo bila ringi na kuisukuma kwa kidole gumba. Ikishuka bila kubana na bila kukimbia, kwake ilikuwa sawa. Hakuwahi kushika maikromita maisha yake yote. Alisema ni vitu vya wazungu wasio na vidole.

Maikromita ya kwanza kuiona ililetwa na Fundi Melki. Huyu alikuja mwaka ule watu walipomiminika kutoka Burundi na kambi ya Mtabila ikajaa mahema ya plastiki. Alikuwa fundi wa karakana kubwa Bujumbura, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, na katika begi lake la turubai hapakuwa na nguo hata moja. Palikuwa na maikromita mbili, moja ndogo na moja kubwa, zimefungwa kwenye kitambaa. Mkewe alikuwa akimtania kwamba alikimbia vita na vyuma akasahau sufuria. Miwani yake ilikuwa imechukuliwa na maji walipokuwa wanavuka mto, na bila miwani aliweza kuona mlima ulioko mbali lakini si mstari ulio mbele ya pua yake. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila mkalimani, kwa hiyo Mama alimzoea siku ile ile, na mimi nikaambiwa nimwite baba mdogo. Baba yangu, Fundi Melki alimwita Patro, yaani bosi, kwa namna ya watu wa kwao.

Mkimbizi hakuruhusiwa kukaa nje ya kambi atakavyo. Fundi Melki alikuwa na kibali cha kufanya kazi mjini, na kibali hicho kiliendelea kuandikwa upya kwa sababu Baba alikwenda kusema neno. Baba akinyamaza, kibali kinakwisha. Hili nililijua hata mimi, kwa sababu nyumbani lilizungumzwa waziwazi wakati wa kula.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Siku moja Fundi Melki alinikuta nimeishika ile maikromita kubwa bila ruhusa, na badala ya kunifukuza akaniuliza naona nini pale kwenye chuma. Nikamsomea mistari yote, mikubwa na midogo, mpaka ile ambayo kwake ilikuwa ukungu mtupu. Akacheka peke yake.

"Macho unayo wewe, mikono ninayo mimi," alisema. "Tukijumlisha tunapata fundi mmoja mzima."

Kuanzia hapo kila nilipotoka shule nilikwenda gerejini. Yeye alishika pistoni na kuzungusha kifundo cha nyuma cha maikromita mpaka kilie tik, tik, tik, mara tatu tu, na mimi nikasoma namba na kuiandika kwenye daftari. Alinifundisha kwamba chuma hupimwa asubuhi, kabla jua halijagusa bati. Kasulu mnajua baridi yake ya asubuhi. Pistoni, bloku na maikromita vilazwe chumba kimoja usiku kucha vipate ubaridi mmoja, kwa sababu chuma kikipata joto huvimba, na kilichovimba husema uongo. Usiikumbatie pistoni kiganjani. Ifute kwa kitambaa safi. Na pima mahali pamoja tu, alisema, hapa chini kifuani pake, ukutanishe ubavu usio na tundu la pini na ubavu wa pili usio na tundu. Hapo tu.

Sikumwuliza kwa nini hapo tu. Mtoto anayesifiwa kwamba ana akili hapendi kuuliza, anaogopa kuonekana hajui. Na mimi nilisifiwa sana. Fundi Melki alimwambia kila mteja kwamba bila binti huyu yeye ni kipofu. Nilitembea shuleni kama mtu mwenye cheo.

Ndipo ikaja Landrova ya Mzee Athumani. Mzee huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kibondo, ana duka la chumvi na vitenge, na wazee wake walikuja zamani wakitokea pwani. Landrova ile aliirithi kwa baba yake. Aliiita Bi Mkubwa, na alipozungumza habari zake ungedhani anamzungumzia mtu. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, vioo vya mbele vya kukunja, na injini yake ilikunywa oili kuliko petroli. Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia aikate auze vyuma chakavu. Fundi Melki akasema itafufuka, ila bloku lichongwe na pistoni zibadilishwe zote nne, ziwekwe za saizi kubwa zaidi.

Injini hiyo ndiyo ikawa mtihani wake. Baba alimwambia mbele yetu wote kwamba ikikubali, yeye na Mzee Athumani watakwenda pamoja kumwombea kibali cha muda mrefu, na mkewe ataruhusiwa kutoka kwenye hema la Mtabila aje kuishi naye mjini, katika chumba kilichokuwa nyuma ya gereji. Mama alikuwa ameshaanza kukisiriba kile chumba. Mkewe Fundi alikuja siku moja kukiangalia, akapima kwa hatua mahali pa kitanda, akapima mahali pa mafiga, akacheka kwa aibu alipoona ninamtazama.

Pistoni zilipatikana kwa taabu. Tatu zilitoka kwa muuzaji mmoja Kigoma, za seti moja. Ya nne ilipatikana Kibondo kwa mtu aliyebakiwa na moja. Zote zilikuwa zimegongwa alama ileile ya saizi, na Baba akasema basi, ni moja. Fundi Melki akatikisa kichwa. Alisema alama ni jina tu. Ndugu wawili wanaweza kuitwa Yohana na mmoja akawa mnene. Kila pistoni ipimwe, namba zake ziandikwe, na fundi wa Kigoma achonge kila silinda kwa kufuata pistoni yake. Pistoni zenyewe zisiende Kigoma, kwa sababu aliwahi kuona seti inaondoka mpya na kurudi ya mtu mwingine. Iende karatasi.

Siku ya kupima ikagongana na siku ya mgao wa chakula kambini. Mwenye kadi alitakiwa awepo mwenyewe, la sivyo anakatwa, na lori la kupeleka bloku Kigoma lilikuwa linaondoka asubuhi hiyohiyo. Fundi Melki aliondoka jana yake akiwa na mashaka. Alinishika bega akaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikamwambia nitaweza. Akamwambia Baba, kwa sauti ya kujivunia, kwamba Patro asiwe na wasiwasi, fundi yupo.

Niliamka mapema. Pumzi yangu ilitoka kama moshi. Chumba cha matofali kilikuwa na harufu ileile iliyonifuata mwezi uliopita, na pistoni nne zilikuwa juu ya gunia zikinisubiri kama wanafunzi. Ya kwanza ilisoma milimita tisini na moja nukta arobaini na mbili. Ya pili, tisini na moja nukta arobaini na mbili. Ya tatu, tisini na moja nukta arobaini na moja. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Ya nne bado ilikuwa na oili, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Ikaniponyoka. Iligonga sakafu ya sementi kwa mlio ambao nikifumba macho nausikia, ikabingirika mpaka mlangoni.

Niliiokota. Hapakuwa na alama ya maana, mkwaruzo mdogo tu. Niliifuta, nikaipima pale kifuani kama nilivyofundishwa. Tisini na moja nukta arobaini na sita. Nikashtuka. Wenzake wote walikuwa arobaini na mbili, arobaini na moja. Nikaona nimeivimbisha. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikaigeuza robo, nikaipima upande wa matundu ya pini. Tisini na moja nukta kumi. Nikairudisha: arobaini na sita. Nikaigeuza tena: kumi. Kwa akili zangu za miaka kumi jambo likawa wazi. Pistoni ni duara. Hii sasa ni yai. Nimeipinda kwa kuiangusha, na pistoni ya nne ilitafutwa wiki tatu.

Zile tatu zilikuwa palepale juu ya gunia. Ningeigeuza mojawapo robo tu, moja yoyote, ningeona kwamba nazo ni yai. Sikuigeuza.

Nje dereva wa lori akapiga honi. Baba akaniita, akaniuliza kama karatasi iko tayari. Nikaandika pistoni ya nne, tisini na moja nukta arobaini na mbili. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nilichana ukurasa, nikampa Baba, naye akampa dereva bila kuutazama, kwa kuwa kwake zilikuwa alama tu. Fundi Melki aliporudi jioni na kopo lake la mafuta ya mgao alinipa mkono kama mtu mzima, na nikaupokea.

Bloku lilirudi baada ya siku nane, silinda zake zinang'aa kama kioo. Kabla ya kufunga ringi Fundi Melki alizishusha pistoni moja moja ili azisikie. Tatu zilishuka taratibu kama alivyotaka. Ya nne ilishuka, lakini aliisaidia kidogo. Akaitoa, akaifuta, akaishusha tena. Baba alikuwa amesimama pembeni, akasogea, akaweka kidole gumba chake, akasukuma, akakunja uso.

"Hii nzito," Baba alisema. "Kidole changu kinakataa."

 Fundi Melki alinigeukia mimi. Nakumbuka alichuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu, ingawa kwa umbali ule hakuweza kuniona vizuri.

"Mwana wanje, mwanangu, ya nne uliisoma vizuri?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Kama wenzake?"

"Kama wenzake."

Alisimama. Akajipangusa mikono kwenye kitambaa, polepole, akamwambia Baba maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo kila ninapokwenda: "Patro, kidole kinazeeka. Namba haizeeki." Kisha akaanza kufunga ringi.

Gari liliwaka. Liliwaka vizuri, na mjini watu walitoka madukani kulisikiliza. Kwa siku mbili Fundi Melki aliliendesha polepole kuzunguka mji, na Mzee Athumani alikaa kando yake akipiga dashibodi kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi aliniita bibi fundi, akaniambia nikikua atanioa niwe mke mwenzie Bi Mkubwa. Siku ya tatu akapakia mzigo wake, akaaga, akashika njia ya Kibondo. Aliupita mji wa Makere. Kwenye mlima wa mbele yake, jua limewaka na mzigo umejaa, pistoni ya nne ikavimba, ikakosa nafasi, ikakamata. Injini ilisimama kama iliyopigwa rungu. Alilala njiani siku mbili mpaka lori moja likamvuta kumrudisha kwetu.

Walifungua injini mbele ya watu. Mnajua gereji za kwetu, kazi ya siri haipo. Silinda ya nne ilikuwa imekwaruzwa toka juu mpaka chini, na pistoni ilitoka imeungua ubavu wote wa kifua, ule ubavu usio na tundu. Fundi Melki aliipokea. Aliizungusha mikononi, akapitisha ncha za vidole juu ya lile kovu, mara moja, mara mbili. Kisha akainua kichwa akaangalia upande nilikosimama.

Siku ile nilidhani ananitazama tu. Sasa najua alichokuwa amekisoma kwa vidole. Pistoni iliyoungua ubavu ule ni iliyokuwa kubwa kuliko karatasi yake. Hakuna fundi wa Bujumbura ambaye angeshindwa kuelewa hivyo.

Mzee Athumani hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa maneno ya taratibu, na ndiyo yaliyouma. "Fundi," alimwuliza, "huko kwenu ulikimbia vita, au ulikimbia wateja?"

Watu wakacheka. Hata utingo wa lori aliyekuja kuvuta gari alicheka, na hakuwa anamjua mtu hata mmoja pale. Nakumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna aliyesema labda ni fundi wa Kigoma aliyechonga, wala labda ni pistoni ya Kibondo, wala labda ni mzigo. Alikuwepo mkimbizi, na injini imekufa, na kila mtu aliona hesabu imetimia.

Baba alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona. Mteja wake mkubwa amedhalilika njiani, na yeye mwenyewe kidole chake kilikuwa kimekataa na akanyamazishwa. Aliuliza nani alipima. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo, na nathubutu kusema nilikuwa nakaribia kusema. Lakini Fundi Melki alitangulia.

"Nilipima mimi, Patro, kabla sijaondoka kwenda kambini. Mtoto alisoma na kushika kalamu tu."

Nikafunga mdomo. Nilihisi miguu inapata nguvu, kama mtu aliyetolewa mtoni. Nilihisi nafuu, nasema ukweli, na ile nafuu ndiyo sijawahi kujisamehe. Kisha nikakimbia, nikapita nyuma ya gereji, nikaingia kwenye kile chumba Mama alichokisiriba, nikakaa sakafuni mahali palipopimwa pa kitanda, mpaka sauti zote zikaisha. Nilipotoka begi la turubai halikuwepo. Maikromita zote mbili zilikuwa zimekwenda. Baba hakusema neno tena kwa ajili ya kibali, na Fundi Melki hakuonekana tena mjini.

Kuhusu yaliyofuata sitaongea sana. Nilisoma. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Chuoni tulikuwa wasichana wawili darasani, na mwenzangu aliacha. Siku moja mwalimu alichora pistoni ubaoni, akaichora yai, tena yai la kupitiliza ili tuelewe, akasema hakuna pistoni inayotengenezwa duara kamili. Hutengenezwa yai makusudi, nyembamba upande wa pini, pana upande wa kifua, ili ikipata joto ivimbe na kuwa duara ndani ya silinda. Ndiyo maana hupimwa kifuani. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka, nikasimama kwenye korido nikishika ukuta.

Sikuwa nimeipinda. Ilidondoka, ikapata mkwaruzo, basi. Ile arobaini na sita ilikuwa namba yake ya kweli, toka ilipotoka kiwandani, na ndiyo iliyokuwa sababu Fundi Melki akataka kila moja ipimwe. Ningeiandika, fundi wa Kigoma angechonga silinda ya nne kubwa kidogo, na gari lingefika Kibondo. Ningesema nimeiangusha, Fundi Melki angecheka, angenigeuzia zile nyingine tatu, na ningejua siku ile kile nilichosafiri mbali kukijua. Kwenye mtihani wa somo hilo nilipata alama za juu kuliko wavulana wote. Ninayo karatasi mpaka leo.

Niliposikia Mtabila inafungwa na watu wanarudishwa kwao nilikuwa Mwanza, nina kazi nzuri. Nilijiambia nitaomba ruhusa niende nikamtafute kabla hawajaondoka. Sikuomba. Baada ya kurudi nyumbani niliuliza. Mmoja aliniambia Melki alirudi Burundi mapema, kabla ya wengi. Mwingine akaapa alikufa kambini, mkewe akabaki. Hakuna aliyemwona kwa macho yake.

Nilipofungua karakana Baba alikuja amevaa koti. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, na wageni walimpa kiti cha mbele. Akasimama kusema machache, na machache hayo yakawa ni habari ya Landrova ya Mzee Athumani. Alieleza jinsi binti yake, akiwa na miaka kumi tu, alivyosoma namba zote sawasawa, na mkimbizi mmoja aliyejiita fundi akaharibu injini. Watu walipiga makofi. Mimi nilitabasamu. Nilikuwa nimesimama chini ya stashahada yangu, na nikatabasamu.

Kesho yake mchana nilimfuata nyumbani. Alikuwa uani anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, kuanzia vidole vyangu vilivyokufa ganzi mpaka chumba nilichojificha. Nilieleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza mteja tatizo la injini yake.  Vidole vyake viliendelea na maharage mpaka nilipofika kwenye namba, hapo vikasimama.

"Ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na sita, Baba. Niliandika arobaini na mbili."

Alikitazama kidole gumba chake, akakisugua kwa kingine. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa tayari kwa lawama, nilizitaka, nilikuwa nimezisafiria. Na ndani yangu, sitaficha, nilikuwa pia natumaini ataniambia nilikuwa mtoto.

"Siku ile Mama yako alikuwa ameshapakua," alisema. "Melki alikuja mlangoni kuniaga, na chakula kiko mezani. Alinyoosha mkono, sikuupokea. Nikamwambia Mama yako sahani ile ampe yule utingo. Akaondoka hivyo, kwa miguu, mpaka Mtabila." Aliokota harage lililoanguka chini, akalirudisha kwenye ungo. "Alikuwa ameshanawa mikono, ilikuwa bado ina maji."

Nikasema kosa lilikuwa langu, yeye hakujua. Nikasema ndiyo maana nimekuja, nilitaka kuutua mzigo huu, nimeubeba peke yangu muda mrefu mno. Baba aliusogeza ungo pembeni, kwa uangalifu, ili maharage yasimwagike.

"Mimi miaka yote hii nilikuwa nalala usingizi mzuri, mwanangu," alisema.